Theluthi kwa Mwaka

Tuliinunua nyumba kwa ajili ya kisima na paa.
Mitufaha haikutajwa kwenye mkataba.
Mthibitishaji pale Võru aliandika: ardhi, ghala, bafu la moshi,
akagonga muhuri, na Raivo aliyekuwa akiuza
akaziachia funguo mezani kana kwamba zinamuunguza.

Miti kumi na mmoja, nyasi za kufika kiunoni.
Hakuna aliyeigusa tangu Hilje, mama yake, apelekwe hospitali;
ngazi yake bado imeegemea shina la tatu,
vidato vimeota uyoga.
Kila mti umejisonga kwa matawi yake wenyewe
kama mtu aliyevaa makoti yake yote
kwa kuogopa wezi.

Endrik akasema: tukate, tupande viazi.
Nikasema: ngoja Machi.
Sikujua lolote kuhusu Machi.
Nilikuwa nimechoka kubishana.

Machi ikaja, theluji ikiwa ya magotini.
Meinhard, dereva wa trekta la kusafisha barabara,
akaleta msumeno uliofungwa kwa gazeti
na sheria moja, akairudia kama mtu anayehesabu chenji:
theluthi. Usizidi theluthi kwa mwaka.
Ukiuvua mti nguo zote siku moja
utaingiwa na hofu, utachipua fito mia, wala hautazaa.
Anza na lililokufa. Kisha linaloumwa.
Kisha yale mawili yanayosuguana: chagua moja,
na usiombe radhi.

Halafu akavua kofia, akairusha katikati ya mti.
Ikanasa.
Kata tena, akasema, akaniacha niipande kuifuata.

Nilikata hadi vidole vikafa ganzi.
Unga wa mbao ulianguka juu ya theluji,
mwekundu kidogo, kama pilipili iliyomwagika.

Kwenye mti wa saba nikakuta kamba.
Tawi lilikuwa limeimeza, gome limeifumbata
kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa.
Ncha mbili zilining'inia,
na chini, nilipofukua theluji kwa buti,
kibao cha bembea, upana wa makalio madogo.
Tawi lilikuwa limekufa nusu.
Nilipima, nikaweka meno ya msumeno juu yake,
nikashuka.
Nilijiambia: hili ni la theluthi ya mwakani.
Mwakani nikajiambia hivyo hivyo.

Mwaka wa kwanza, majani tu.
Mwaka wa pili, maua upande wa kusini,
na usiku mmoja wa Mei barafu ikayapitia yote.
Alfajiri Endrik alisimama kule na kikombe chake
hadi chai ikapoa. Hakutaja viazi.
Mti wa kumi na moja ulikufa hata hivyo.
Tuliuchoma kidogo kidogo, tukikausha samaki kwa moshi wake,
na samaki walikuwa watamu, nami niliona haya.

Mwaka wa tatu, matufaha.
Mvumilivu hula mbivu, wanasema;
hawakusema zitakuwa kali hivi,
za kukunja uso hadi masikioni.

Oktoba gari lilisimama langoni, injini ikinguruma.
Raivo. Alisema alikuwa anapita tu,
ingawa barabara ile haipiti kwenda popote.
Akaikagua miti kama mtu anayewatazama ndugu
waliokatwa nywele na mgeni.
Akafika kwenye tawi la kamba, ambalo sasa
tumeliwekea nguzo ya kulishikilia.

Mbona hamkulikata?
Limekufa nusu tu, nikasema.

Alichuma tufaha, akalifuta kwa mkono wa koti, akang'ata.
Hayaliwi sasa, akasema, huku akila.
Mama aliyafungia kabatini, kati ya mashuka,
mpaka Krismasi. Tulilala tukinuka matufaha.

Akalimaliza lote.
Kisha akakitupa kiini, bila kulenga, katikati ya mti,
kikatokea upande wa pili
bila kugusa hata jani.