Mizani ya Ghorofa ya Kumi na Moja

Lifti imekufa tena.
Kikaratasi cha samahani kimebandikwa mlangoni,
na Mshangama, saa mkononi, ameshuka ngazi akizihesabu:
mia moja themanini na nane,
kisha gari, kisha taa nne nyekundu, kisha daraja la Clyde,
kisha lango la hospitali.
Karudi anahema. "Dakika ishirini na sita," asema,
"na mimi sina mimba."

Mkunga wetu anaitwa Eilidh.
Herufi mbili za mwisho wa jina lake hazitamkwi,
hunyamaza kama yeye anyamazavyo akisikiliza tumbo.
Alisema: huyu ni wa pili, presha yako nzuri,
kichwa kimetangulia;
kwa mwanamke kama wewe, nyumbani si wazimu.
Nitakuja na mwenzangu, na gesi, na taulo za moto,
na tukiona dalili hatungoji, tunaita gari.
Nikamuuliza: na siku hiyo lifti ikiwa imekufa?
Akatazama mvua ya Glasgow dirishani.
"Hilo," akasema, "nami hulilalia macho."
Nilimpenda kwa hilo.

Shufaa nilimzaa hospitali.
Nakumbuka taa. Nakumbuka watu wakiingia bila hodi,
wakilisoma jina langu ubaoni, wakilivunja vipande,
mmoja akaniita "mpenzi" ili asilitamke.
Mikanda miwili tumboni, mashine ikichora milima,
wote wakaitazama mashine.

Lakini nakumbuka pia pazia la buluu,
na nyuma yake mwanamke aliyekuwa akicheka
akaacha kucheka.
Mkono ukabonyeza kitufe ukutani,
wakaja sita, wakaja saba, viatu vikilia sakafuni.
Hao hao walioshindwa na jina langu
walijua mshipa wake ulipo.
Asubuhi alikuwa anakula mkate, mweupe kama shuka,
anakula.

Nikampigia mama, Pangani.
Nilitaraji atanipa nyumba:
mkeka, maji ya moto, mikono ya shangazi.
Alinyamaza hata nikadhani salio limeisha.
"Mwanasha, nyinyi mko wanne. Mimi nilizaa sita.
Nyumba unayoisifu, niulize mimi.
Mkono wa shangazi yako ulikuwa laini,
ila haukuwa na damu ya kuniongezea."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Lakini hakuniachia mkono usiku kucha.
Huko kwenu, nani atakushika?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema.
Hawakusema aujulie wapi.

Basi nimepima.
Upande huu kitanda changu, harufu ya karafuu, Shufaa mlango wa pili,
upande huu kitufe ukutani.
Nikidhani umelemea mmoja,
mtoto anageuka, nao unapanda.

Godoro nimelivika nailoni.
Begi nalo liko mlangoni, limefungwa zipu,
na juu yake kadi niliyoiandika kwa kalamu nene,
yeyote atakayenipokea, popote:
MWA-NA-SHA. Si vigumu. Jaribu.

Saa tisa usiku lifti imefufuka.
Naisikia ikipanda, ikishuka,
tupu,
kama mtu asiyejua aende wapi.
Mshangama amelala na saa yake mkononi.
Mimi nimeushika ukuta,
nahesabu.