Damu na Maji

Vichupa viwili vimefika saa nne asubuhi,
vimefungwa pamoja kwa mpira:
kimoja damu, kimoja maji ya uti wa mgongo,
vyote vya mtu mmoja, vya siku moja:
Ojārs, mtunza misitu, miaka hamsini na minane, kutoka Cēsis.
Dereva anasema njiani kulinyesha mvua ya mawe.
Ananiachia saini na tope.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikutwa kwapani,
kupe mdogo kama punje ya ufuta.
Mkewe alimng'oa kwa uzi wa kushonea.
Homa ikaja siku nne, ikaaga,
naye akapanda ngazi kupaka rangi madirisha.
Wiki iliyofuata akasahau jina la mbwa.

Damu yake imejaa kingamwili. Sishangai.
Damu ya mtunza misitu ni daftari kuukuu:
imeandika kila kupe,
na ile chanjo aliyoianza akaiacha njiani.
Ukiiuliza nani kaingia juzi,
hujibu: wote, tangu zamani.

Ndiyo maana nayauliza maji.
Matone machache, maangavu, yanayokaa nyuma ya ukuta,
na ukutani vitu hupenya kama moshi wa jiko la jirani.
Kwanza napima albumini, ambayo ubongo hauiundi kamwe;
ikionekana upande wa pili, imetoka damuni,
nami najua ukuta umetoboka kiasi gani.
Kisha kingamwili. Kisha nagawanya.
Watu husema damu nzito kuliko maji.
Mimi nalipwa kuupima uzito huo.

Kisahani cha vishimo tisini na sita.
Naosha mara tano, nakung'uta juu ya karatasi.
Buluu inapanda taratibu;
tone la asidi, buluu inageuka njano.
Ikiwa moja, kingamwili zimevuja tu.
Ikipita moja na nusu, zimezaliwa humo humo ndani.
Yake: nne nukta mbili.

Narudia.

Nne nukta moja.

Basi kichwa cha Ojārs kimewasha tanuri lake,
kinafua silaha gizani bila kumwamsha mwenyewe,
na mkono wa kushoto hautii amri.
Dawa ya kirusi hiki hatuna.
Nimeandika tarakimu, nimetia saini,
sijamponya mtu.

Jioni Velta, mkewe, anapiga simu.
Haruhusiwi. Namba kaitoa wapi, sijui.
Haulizi tarakimu. Anauliza: "Ni nyingi au chache?"
Nyingi, nasema, nami siruhusiwi.
Kimya. Nasikia sufuria ya jemu ikitokota.
"Basi anapigana," anasema, anakata.

Sikumsahihisha. Bado natafuta
kama kulikuwa na kosa.

Saa nne usiku, na jua ndiyo kwanza linazama Riga.
Navirudisha vichupa kwenye friji, bega kwa bega.
Mlango wake haushiki tangu majira ya baridi;
nauegemezea kiti.