Pimamaji

Kwanza nilimng'oa baba.
Yaani sakafu yake: plastiki ya maua ya kahawia
aliyoibandika mwaka niliozaliwa,
na chini yake mbao za vumbi zilizogeuka uji
kuizunguka shingo ya choo.
Nilizichota kwa koleo la bustani.
Mama, mlangoni, kashikilia fremu yake ya kutembelea,
akasema, "Aliifanya usiku mmoja,
kati ya zamu mbili za mgodini."
Nikasema, "Inaonekana."
Hatukuongea tena mpaka chai.

Glace Bay, Februari. Theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Plaiwudi niliyoinunua Sydney imelala siku tatu sebuleni,
juu ya vijiti, mbali kidogo na jiko,
ijifunze hewa ya nyumba hii
kabla hatujaanza kuikanyaga.
Binamu Lauchie anairuka akienda kwenye friji.
"Unaifuga?"
Naifuga.

Tabaka la kwanza likakaa juu ya boriti.
Nikaweka bilauri ya maji katikati,
nikamwomba Lauchie, kilo mia na kumi, apite.
Maji yakatetemeka.
Yeye kashafika ukutani, kashageuka,
maji bado yanatetemeka.
Mbao inajua kupinda. Kigae hakijui.
Ukiwaoza hivyo hivyo,
anayejua atamvunja asiyejua.

Basi nikashuka chini ya nyumba na taa kichwani,
nikakata vipande vya mbao, nikavigongomea
kati ya boriti na boriti, kimoja baada ya kimoja,
utando wa buibui mdomoni.
Huko nikakuta kimoja cha baba.
Misumari yake imepinda, ya mtu anayesinzia.
Nikakipiga nyundo kitoke.
Nikakipiga tena.
Hakikutoka.
Nikakiacha.

Tabaka la pili: maungio yasikae juu ya maungio,
na kati ya ubao na ubao iachwe nafasi,
unene wa sarafu ya senti ishirini na tano.
Tumeambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Aliyesema hakuwahi kulaza plaiwudi bafuni.
Hapa ufa unaachwa makusudi,
mbao ipate pa kuvimbia siku za ukungu wa bahari.
Ukiuziba leo, kesho utazoa vigae.
Hata ukutani sikuigusisha.

Skurubu, kila shubiri moja. Kichwa kizame,
kisitokeze hata unene wa ukucha.
Msasa. Kisha kufyonza vumbi, mara tatu,
kisha kitambaa chenye unyevu tu, si maji,
kisha kiganja, polepole, macho yamefumbwa,
kwa sababu jicho lina haraka ya kusema tayari.
Kwenye kona nikagonga kwa kifundo cha kidole.
Sauti tupu, kama mlango wa nyumba isiyo na mtu.
Nikang'oa skurubu kumi na nne. Nikaanza upya.

"Na haya yote," mama akauliza, "nani atayaona?"
"Hakuna."
"Hm."
Akatazama ile nafasi ilipokuwa beseni la kuogea,
lile lenye ukingo uliomwangusha Oktoba.
Sasa hakuna ukingo. Kuna mteremko tu,
mdogo, hadi tundu la maji.

Jumapili nikarudisha bilauri pale pale,
imejaa hadi mdomoni.
Sikumwita Lauchie.
Mama akaingia mwenyewe,
miguu minne ya alumini, miwili yake,
tak, tak, kisha kisigino kinachoburuta.
Nilipiga magoti, shavu karibu na sakafu,
nikiutazama uso wa maji dhidi ya mwanga wa dirisha.
Akapita. Akageuka, kwa tabu.
Akapita tena.

Uso wa maji ulikuwa kioo.

"Vipi?" akauliza.
Nikashindwa kujibu vizuri. Nikasema vigae vinaletwa kesho.
"Basi nipe hayo maji," akasema,
"nina kiu, na mimi siwezi kuinama."