Wa Kulala Mchana

Bwana Lugembe wa Nyasaka huuza mbwa kwa maswali.
Hujauliza bei, ameshakukalisha kwenye kreti la soda:
Unarudi nyumbani saa ngapi? Unaishi na nani?
Nyama unakula mara ngapi kwa wiki?
Nami niliyekuja na laki mbili na nusu za upatu
nikasita, kama mtu aliyeulizwa umri.

Nilikuwa nimeshaamua, ndiyo shida.
Nilitaka rotwaila, kifua kama mlango wa benki,
maana mwezi wa tatu waliiba televisheni ya jirani yangu Minza
na mimi usiku huwa sipo.
"Rotwaila anakula kuliko mwanafunzi wa bweni," akasema,
"na ukimwacha peke yake, atakula mlango."
Nikapiga hesabu ya dagaa, sado kwa sado;
mshahara wa mkunga ukaisha tarehe kumi na moja.

Akaniletea chiwawa, anatetemeka juani,
macho ya mtu aliyepokea simu mbaya.
"Huyu anaenea kwenye mkoba."
Lakini kwetu Mabatini, juu kule, mwewe huzunguka mawe tangu asubuhi
akichagua vifaranga.
Nikacheka. Chiwawa hakucheka.

Akanisimulia haski wa tajiri mmoja wa Capri Point:
manyoya ya nchi ya theluji, kitanda chini ya kiyoyozi,
na umeme ukikatika anaingizwa bafuni,
mwenye nyumba anammwagia maji kwa kikombe
mpaka umeme urudi.
"Mbwa mzuri. Ila yule bwana alinunua picha."

Neno hilo likanikaa.
Hata mimi, nikisema kweli, nilifuata picha:
mimi na mnyama mkubwa tukishuka ufukweni Jumapili,
wanaume wakitupisha.
Mimi, ambaye Jumapili nimelala hadi saa tisa,
pazia nimelibana kwa pini, miguu juu ya mto.

"Sasa niambie unavyoishi," akasema, "si unavyotaka kuishi."

Nikamwambia.
Naingia wodini saa mbili usiku,
napokea watoto wa watu mpaka jua liguse ng'ambo ya Kamanga.
Napanda ngazi za mawe, mia na arobaini, kwa goti moja zima.
Ukuta wa pili ni wa Bi Zuwena, anaswali,
kwa hiyo mbwa yeyote asivuke mfereji.
Nakula wali wa jana. Nalala.

Lugembe akanyamaza,
kisha akaelekeza kidole nyuma ya pipa.

Mjerumani jike, mzee, mvi zimeota puani.
Miaka minane alilinda kiwanda cha samaki, zamu ya usiku;
nyonga zilipolegea wakamwachisha kazi.
"Huyu hana anayemtaka. Usiku anabweka, mchana anakoroma.
Watu wanataka mbwa wa kuonyesha wageni."
Jina?
"Kwenye daftari la kiwanda, Namba Nne."

Sitasema tulipendana.
Alifungua jicho moja, akanikagua viatu, akalifunga.
Ndivyo nami ninavyowasalimu watu saa tatu asubuhi.

Zile ngazi ndizo zilizonitia hofu.
Siku ya kwanza tulipumzika mara tano.
Kwenye mwamba wenye tangazo la mganga
tukakaa kama wastaafu wawili wanaosubiri mafao,
chini yetu ziwa, limetulia, halina haraka na mtu.
Bi Zuwena akauliza toka upande wake wa mfereji:
"Anauma?"
"Sijui. Bado hajaamka vizuri."

Sasa nikirudi namkuta kibarazani,
na zamu yake imekwisha. Hatuna maneno mengi.
Namwekea ugali wa dona na kichwa cha sangara,
nabana pazia.
Nne anazunguka mara tatu, anajibwaga.
Nje Mabatini inaamka: redio, cherehani,
mtoto anaitwa kwa jina lake lote,
na humu ndani hakuna anayebweka.