Herufi Mia na Ishirini

Miaka kumi na tisa zamu zilikaa kwenye daftari
lenye jalada la kijani, mistari ya rula,
na penseli, kwa kuwa watu hubadilika
na wino haujui kuomba radhi.

Dulmaa, muuguzi mkuu, aliyapanga majina
kila tarehe ishirini na tano, jiko la makaa likinguruma,
chai ya maziwa na chumvi ikishika utando kikombeni.
Alijua mambo ambayo hakuna fomu iliyoyauliza:
Narmandakh na Bold-Erdene wameachana Machi,
usiwaweke wodi moja, kidonda bado kibichi.
Mama yake Sarantuya husafishwa damu kila Alhamisi.
Tserenpil anaogopa theluji ya usiku
tangu gari lake libiringike njia ya Sainshand;
hasemi, ila mikono yake husema asubuhi.

Kisha mji mkuu ukatuletea mfumo.
Ankhbayar, kijana wa masanduku mawili,
alipiga chafya kwa vumbi la Gobi, akatugawia nywila.
"Kila mfanyakazi ni mstari," alisema,
"kila mstari una safu arobaini na moja."
Safu ya leseni. Safu ya chanjo.
Safu ya kidole gumba mlangoni, saa na dakika.
Dulmaa akauliza: "Na mama yake Sarantuya anaingia ipi?"
Kijana akashuka, akapanda, akakuna shingo.
"Pale mwisho kuna Maelezo Mengine.
Herufi mia na ishirini."

Mimi karani ndiye niliyeliingiza daftari,
wiki tatu, kurasa zenye mafuta ya kondoo,
majina yaliyofutwa na kufutwa
hadi karatasi ikawa nyembamba kama kope.
Juma la kwanza mfumo ukampanga Narmandakh
na Bold-Erdene, usiku, wawili tu, wodi ya watoto.
Tulicheka mpaka tukashika mbavu.
Dulmaa alicheka kuliko sote.

Mwezi Mweupe ukaisha, maandazi yakaisha,
ndipo mashine ikachora bila kutumwa:
vijiti vya buluu, kijiti kwa kila jina,
hesabu ya usiku wa miaka mitatu.
Vingi vilikomea kiunoni.
Kimoja kikapasua juu ya kioo,
nikaburuta ukurasa kukitafuta kichwa chake.
Oyuungerel.
Usiku mia tatu na kumi na mbili.

Oyuungerel asiye na mume, asiye na mtoto, asiye na Alhamisi.
Anayesema "sawa"
kabla hujamaliza kuuliza.
Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu;
hiki chake kilikaa miaka mitatu bila hata kukohoa,
nami nilikuwa nimekichapa kwa vidole vyangu,
zamu baada ya zamu, nikifikiria mshahara.

Dulmaa alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
Kijiti kilikuwa palepale.
"Niliwahurumia wote," akasema,
"kwa mgongo wa mmoja."
Makaa yakashuka jikoni. Hakuna aliyeyachochea.

Alimwita saa nane mchana, akamvutia kiti.
"Nikuandikie nini hapa? Siku gani usiguswe?"
Oyuungerel akatazama kioo, akatazama viatu vyake,
vya raba, vyeupe, kisigino kimoja kimelika.
Tukamsubiri. Mzee mmoja alikohoa ukumbini.
"Sijui," akasema hatimaye,
"niacheni nifikirie," akatoka,
na kwa mara ya kwanza hakusema sawa.

Dulmaa alikaa na kidole juu ya kibodi,
yeye ambaye penseli yake haikuwahi kusita.
Kisha akaandika, herufi moja moja,
kama anayeshona ngozi ya mtoto:
*Aulizwe kwanza.*
Chini yake, kwa maandishi madogo ya kijivu,
mfumo ukatujulisha
kwamba zimebaki herufi mia na tano.