Kedi na Mkaguzi wa Mkonge

Weka chini hiyo fimbo,
Siyo jembe, siyo pambo,
Wala usianze tambo,
Hujaugusa mpira.

Bwana Semboja, pumua,
Ndo kwanza latoka jua,
Na umande waungua,
Ya nini hiyo papara?

Nabeba huu mkoba
Miaka kumi na saba,
Naona walioshiba
Wakiliwa na hasira.

Hakimu aliyekosa
Fimbo topeni katosa,
Kesho alipopapasa
Akaopoa tambara.

Kiwanja hiki cha Tanga
Upepo huja kutanga,
Na kunguru hujipanga
Wakuibie mpira.

Chungwa bivu la Muheza
Ukiminya, lachuruza,
Ulegee, lateleza:
Fimbo ina hiyo sura.

Miguu usiibane,
Mabega yasikazane,
Goti kunja, lisinene,
Simama, uwe imara.

Kamba inavyosokotwa
Polepole ikivutwa,
Pupa kidogo, hukatwa:
Mkonge ndo yako dira.

Mikono nyuma peleka,
Kiuno kikizunguka,
Hapo juu, pumzika
Kwa kufumba jicho mara.

Kuona ni kazi yangu,
Uende hadi mawingu,
Uangukie ukungu;
Kichwa chini kila mara.

Umeona? Umechimba
Udongo kama wa shamba,
Tungepanda hata pamba,
Umelala tu mpira!

Rudisha kipande pale,
Kanyaga, nyasi zilale,
Zitaota vilevile,
Kufukia ni busara.

Achana na fimbo ndefu,
Hiyo ni ya maarufu;
Namba saba, na halafu
Namba saba barabara.

Mfuko wako wa ngozi
Ni gunia tu la nazi,
Kumi hazifanyi kazi,
Bega langu ni fukara.

Ukiingia kichaka
Usitake kuuruka
Mvinje ulotanuka,
Utoe kando mpira.

Ukipoteza mmoja
Umelipa, umengoja;
Ukibisha, huna hoja,
Saba huja kwa hasara.

Mchangani usikune;
Nyuma, kwa vidole vinne,
Piga mchanga, uone
Ukiubeba mpira.

Ukikosa, cheka, hema,
Hatua kumi, lalama,
Ya kumi na moja, koma,
Iache hapo hasira.

Watu hupenda kishindo,
Kuvuma na kwenda kando;
Mie nasifu mwenendo
Pale chini ya bendera.

Nusu ya mikwaju yako
Huliwa hapo, si huko;
Hesabu daftari lako,
Utaiona ishara.

Nyumbani, weka kikombe,
Mama watoto umwombe
Asiseme una pembe,
Utie humo mpira.

Thelathini, ndipo chai.
Gofu haina madai,
Wala haitaki rai,
Hutaka mara kwa mara.

Na jambo lililobaki:
Kadi yako sisadiki.
Shimo la nane, rafiki,
Uliandika kwa kura.

Kalamu yasema sita,
Mie tisa nilipata,
Mitatu uliifuta
Kule nyuma ya mpera.

Marobota ya mkonge
Hukubali wayapange
Wala nusu wakuchenge,
Na gofu ni biashara.

Kadi ikisema kweli
Utaiona dalili,
Pale panapokudhili
Ndipo uanze kwa ghera.

Mia moja thelathini
Ndiyo yako, mwezi Juni;
Ikishuka ishirini
Niongeze mshahara.

Haya, shika. Chungwa, chungwa!
Goti lisije kufungwa,
Roho isije kusongwa,
Nyuma, tulia... Mpira!

Umesikia mlio?
Si wa jembe, si kilio.
Usigeuke. Mwenzio
Ninauona mpira.