Hii ni Yangu

Kocha Shikanda hakuwa na filimbi.
Alikuwa na saa ya mkononi, kioo kimepasuka,
na kikohozi kikavu tulichokitii kuliko kengele ya chuo.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Makongeni bado giza,
harufu ya mandazi ya Mama Nzilani inaruka ukuta,
nasi tumeshajipanga kwenye mstari wa chokaa:
mafundi bomba, mafundi umeme, wawili wa upishi,
meno yakigongana kwa baridi ya Julai.

"Kamba," husema. Tunainama.
Ya mmoja ikilegea, timu nzima inaanza upya.
Ukichelewa, kila dakika tatu ni mzunguko mmoja,
na kipande cha dakika ni mzunguko pia.
Hakufoka. Alisema kama mtu anayehesabu chenji.

Musau, mfungaji wetu, mwenye miguu ya asali,
alichelewa siku ya nusu fainali. Dakika nne.
Akavaa jezi, akakaa benchi dakika zote tisini,
taulo kichwani kama aliyefiwa.
Bao moja kwa nunge, tukatolewa.
Usiku ule bwenini tulimtukana Kocha kwa kila lugha ya mama,
na Lemayian, mlokole, akawa mkalimani.

Kesho yake tukamkuta anafagia chumba cha kubadilishia nguo.
Hakusema neno. Akampa Musau kizoleo.
Wakafagia wawili hadi kwenye pembe za buibui.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Jumanne moja ya Oktoba, hakuja.
Saa kumi na mbili kasorobo tukaanza kucheka.
Saa kumi na mbili na dakika mbili akaingia langoni
na shati la jana, kadi ya hospitali mfukoni imechungulia.
Tulijua mkewe amelazwa. Hatukujua zaidi.
Akaitazama saa. "Thelathini na mbili," akasema. "Kumi na moja."
Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya mpira.

Akaanza kukimbia.

Miaka hamsini na tisa, goti la kushoto bovu,
mvua ya usiku imeufanya udongo mweusi kuwa gundi.
Mzunguko wa tatu, Musau akatoka mstarini amfuate.
Kocha akainua kiganja, hakugeuka:
"Rudi. Hii ni yangu."

Tukasimama. Hata kukohoa tuliogopa.
Wa kumi na moja aliutembea nusu,
akasita,
akaurudia wote.

Kombe hatukuwahi kulishika, nisikudanganye.
Mimi leo naziba mabomba yanayovuja Umoja na Donholm;
mteja akisema saa mbili, saa mbili nagonga.
Na siku nikichelewa, maana Nairobi ni Nairobi,
siisingizii mvua, siisingizii barabara.
Nataja dakika zangu.
Halafu nainama pale pale mlangoni,
mwenye nyumba akinishangaa,
nakaza kamba.